Sanamu za udongo za jando na unyago (Handeni na Korogwe)

Sanamu za udongo za jando na unyago ni vifaa vya kufundishia vilivyotumiwa na Wazigua, Wanguu na Wasambaa, hasa katika sehemu za Handeni na Korogwe, Mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wanguu wengi leo wako Wilaya ya Kilindi, iliyotengwa na Handeni mwaka 2002.

Sanamu hizo ni ndogo. Huonyesha mtu, mnyama au chombo cha nyumbani. Kwa kawaida udongo wake haukuchomwa kama chungu, kwa kuwa hazikukusudiwa kudumu. Kila moja ilikuwa na wimbo wake, na wimbo ndio uliobeba fundisho: wajibu wa mume na mke, uzazi, heshima kwa wakwe. Sanamu ya mnyama, basi, haikuwa somo la wanyama. Asiyejua wimbo hakuweza kukisia maana yake kwa kuitazama tu.

Zisichanganywe na mwana hiti, sanamu ya mti isiyo na mikono wala miguu, ambayo mwali wa Kizaramo, Kikwere au Kizigua alipewa aitunze kama mtoto.

Sanamu za udongo zinajulikana nje ya Tanga hasa kwa sababu ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosiolojia wa serikali ya Tanganyika. Alikusanya nyingi, akaandika mafundisho yake, na mwaka 1956 akachapisha kitabu "African Figurines" mjini London. Mkusanyo wake uliwekwa katika makumbusho ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George V na ambayo sasa ni Makumbusho ya Taifa.

Hapo ndipo penye ugumu. Mafunzo haya yalikuwa siri, na mtu asiyechezwa hakuruhusiwa kuona vifaa vyake. Makumbusho kazi yake ni kuonyesha. Tena kitu kilichofinyangwa kwa siku chache kinahifadhiwa miaka mingi, huku wimbo wake ukisahauliwa. Mwanafunzi wa Korogwe akizitazama anaona kazi ya mikono ya watu wa kwao bila sauti zao. Maelezo ya Cory yanasaidia, ingawa yako kwa Kiingereza. Bibi aliyechezwa Handeni huenda anajua zaidi ya yaliyoandikwa, kama ataona inafaa kusema.