Mali Bila Daftari



Mwaka jana mama yangu na wenzake watatu walimpa mwenye mashua mmoja hapa Dunga shilingi elfu thelathini za kununua wavu. Walipatana kwamba atawapa omena kila asubuhi mpaka deni liishe. Hawakuandika chochote. Walipata omena wiki mbili tu, kisha bwana yule akasema pesa zile zilikuwa msaada. Mama alinyamaza, na pesa zangu za chakula cha shule zikakosekana. Tangu siku hiyo nataka kusomea usimamizi na sheria ya biashara.

Wengi wetu hudhani kwamba ukisomea haya unakuwa wakili. Sivyo! Sheria ya biashara ni somo moja ndani ya Shahada ya Biashara, pamoja na uhasibu, uchumi na usimamizi. Humo utajua mkataba ni nini, ubia ni nini, na kampuni huandikishwa vipi. Anayetaka uwakili husoma Shahada ya Sheria miaka minne, kisha huenda Shule ya Sheria ya Kenya, na hujifunza kazi chini ya wakili kwa miezi sita.

Si lazima twende Nairobi. Chuo Kikuu cha Maseno, kilichokuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2001, kiko karibu nasi. Lakini kwanza upate C+ katika KCSE, kwa hivyo tusiikimbie Hesabu.

Je, kazi ziko? Tusidanganyane, kazi za benki na za kaunti hugombaniwa na wengi. Njia nyingine ni mitihani ya KASNEB, ya wahasibu na ya makatibu wa kampuni. Sheria ya Makampuni ya 2015 inataka kampuni ya binafsi yenye mtaji uliolipwa wa shilingi milioni 5 au zaidi iwe na katibu. Sheria hiyo hiyo inamruhusu hata mtu mmoja kuanzisha kampuni, basi unaweza kujiajiri.

Tena nimejua kwamba mapatano ya mdomo pia ni mkataba. Taabu ni kuyathibitisha. Na kwa sheria ya 2016, iko Mahakama ya Madai Madogo, ya madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambako mtu anaweza kujisemea bila wakili.

Nilipomweleza mama alicheka, akasema, "Soma kwanza, mwanangu." Lakini kesho yake alinunua daftari. Sasa kila mapatano yanaandikwa na kutiwa sahihi, na karani wao ni mimi. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.