Nyuki wa Mjini

Nyuki hawajui mpaka wa kiwanja. Kwa hiyo afugaye nyuki kati ya nyumba za watu hana budi kufuata sheria. Katika mji wa New York, Marekani, ufugaji huo ulikatazwa mwaka 1999, kwa kuwa nyuki walihesabiwa pamoja na wanyama wa hatari. Hata hivyo wengine walifuga kwa siri. Mwaka 2010 ruhusa ilitolewa, lakini kwa masharti. Mfugaji huiandikisha mizinga yake kwa Idara ya Afya. Huweka maji karibu nayo, nyuki wasiende kunywa kwa jirani. Nao wakihama kwa kundi, ni juu yake kuwakusanya upesi. Utamu wa asali ni wa mwenye mzinga, bali mwiba humfikia jirani. Ndiyo sababu sheria huwaangalia wote wawili.