Je, Wajua? Muungwana wa Zamani Hakuhitaji Upole

Leo muungwana ni yule anayebisha hodi na kungoja aitikiwe. Zamani, katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, alikuwa mtu huru wa mji, asiye mtumwa. Ukoo ulitangulia, tabia ikafuata. Utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika 1922, neno likazidi kuegemea adabu, na afadhali. Misafara ya biashara ilikuwa tayari imelifikisha mbali: Kingwana, jina la Kiswahili cha mashariki ya Kongo, limetokana nalo.

Hata Kisaka, mkoani Mara, mbali na bahari, anayetaka kupita katikati ya watu anaweza kusema, “Samahani, waungwana.” Wakurya wa mkoa huo wana mizani yao ya heshima pia: mtoto huzaliwa ndani ya kizazi chenye jina, mathalani Saai au Maina, na kizazi cha baba hakitaniwi ovyo.

Angalia sarufi. Husemi “maneno maungwana” bali “maneno ya kiungwana”. Mtu mwenyewe “ni muungwana”, basi. Neno linanukia uzee kidogo, ndiyo maana vijana wengi hupendelea “mstaarabu”.