Sarafu Zisizo na Kwao

Kijana mmoja alinisimamisha mjini Malindi, karibu na soko la zamani, akafungua kitambaa kilichokuwa na sarafu sita za shaba. "Maalim, hizi za kale sana," akaniambia. Nikamuuliza, "Umezitoa wapi, mwanangu?" Akajibu, "Huko huko tu."

Jibu hilo lilinichoma kwa sababu ndilo langu pia. Nilipokuwa mwanafunzi nilijaza mkebe wa biskuti kwa sarafu: pesa za Sultani Barghash za mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, zenye sura ya mizani, pesa za mwaka 1888 za kampuni ya Waingereza iliyoitawala Mombasa, nazo zina mizani vilevile, na senti zenye tundu za wakati wa ukoloni. Nilizisugua kwa ndimu na majivu hadi zikang'aa, na wala sikuandika hata moja nilipewa na nani au niliiokota wapi. Uchafu nilioufurahia kuuondoa ulikuwa sehemu ya historia yake.

Katika magofu ya Gede, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, kuna nyumba iitwayo Nyumba ya Pesa za Kichina. Imepewa jina hilo kwa sababu ya sarafu mbili tu, za wafalme wa China wa karne ya 12 na ya 13. Jirani zake zimeitwa kwa makasi, kwa kauri, kwa kisanduku cha pembe. Vitu vidogo, lakini kila kimoja kinajulikana kilikutwa ndani ya nyumba ipi.

Mwaka 2010, huko Mambrui, wachimbaji wa Kenya na China walipata sarafu ya enzi za mfalme Yongle, aliyetawala China hadi mwaka 1424. Wengi walikimbilia kusema kwamba hapo ndipo mabaharia wa Zheng He walipotia nanga. Huenda ikawa. Malindi ilimpelekea mfalme huyo twiga mwaka 1415, na habari hizo zimo katika kumbukumbu za Wachina. Hata hivyo mimi ni mtu wa isimu, na kwangu sarafu ni kama neno la mkopo: hupita mikononi mwa wengi kabla ya kufika. Neno "pesa" limetoka Bara Hindi, lakini mkulima wa Ganze alitamkaye hahitaji kuwa aliwahi kukutana na Mhindi. Vivyo hivyo, sarafu ya Mambrui yaweza kuwa ililetwa na mfanyabiashara wa Kiarabu au wa Kihindi.

Maneno nayo hubaki baada ya sarafu kwisha. Wanafunzi wangu hustaajabu kwamba thumuni, yaani senti hamsini, maana yake ni sehemu moja ya nane. Nane ya nini, na senti hamsini ni nusu ya shilingi? Ni nane ya riale, fedha iliyotumiwa pwani kabla ya shilingi. Na "hela" ya jirani zetu wa Tanzania ni sarafu ya Wajerumani, waliyoanza kuitoa mwaka 1904.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mwanafunzi akija darasani na sarafu ya bibi yake, msimwulize kwanza bei yake. Mwulizeni bibi aliiitaje, aliipata kwa nani, na ilinunua nini. Aandike, kisha airudishe ilikokuwa, bila ndimu.

Nilimweleza kijana wangu haya yote, na nikamkumbusha kwamba sheria ya turathi ya mwaka 2006 inamtaka aliyekuta kitu cha kale awaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa. Nikamwonyesha njia ya kwenda jumba la makumbusho la hapo mjini. Akauliza watamlipa kiasi gani. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Alifunga kitambaa chake, akavuka barabara kuwafuata watalii wawili.