Maana ya Kukata Upepo

Vijana wa Nyarero wakisifu gari husema, "Hili linakata upepo." Wengi wana maana ya kwenda mbio tu, kama tunavyosema mtu amekata mbuga. Lakini kwa mafundi wanaobuni magari, kukata upepo ni jambo la umbo.

Hewa hatuioni, lakini ni kitu. Gari likienda huisukuma, nayo hewa hulizuia. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa kulizuia gari huongezeka mara nne. Kuishinda nguvu hiyo kunakula mafuta, na mafuta ni fedha.

Mtazameni sangara. Mwili wake ni mnene mbele, kisha unapungua polepole mpaka mkiani. Maji hupita ubavuni na kukutana nyuma bila vurugu. Watu hudhani kazi yote ni ya ncha ya mbele. Sivyo. Gari lililokatika ghafla nyuma huacha hewa ikizunguka, na hewa hiyo hulivuta. Vumbi linalocheza nyuma ya basi linakuonyesha jambo hilo.

Ile Volkswagen tuliyoiita mgongo wa chura ilipewa mgongo ulioinama kwa wazo hilo hilo. Land Rover ni sanduku, haikati upepo hata kidogo. Lakini sisi mabwana shamba tuliokwama nayo kwenye tope la masika hatukuilaumu kwa hilo.

Siku hizi kuna pikipiki zilizofungwa mwamvuli mkubwa juu. Unazuia jua na mvua, sikatai. Lakini mwamvuli haukati upepo. Unaushika, kama tanga la mtumbwi. Siku moja nilipakiwa kwenye pikipiki ya namna hiyo kutoka Tarime. Tulipofika mahali pa wazi, upepo ulitupiga ubavuni ukaubeba mwamvuli. Pikipiki ilihama upande mpaka ukingo wa mtaro, na mbele yetu lori lilikuwa linakuja. Mkungu wa ndizi uliofungwa kukingama nyuma yangu ulizidisha taabu.

Lori lilipopita nilishuka, nikamwambia kijana sipandi tena mpaka mwamvuli ukunjwe. Alinicheka. Kisha aliitazama ile alama ya gurudumu kwenye ukingo wa mtaro, akaukunja mwamvuli, akaugeuza na ule mkungu ukalala kufuata urefu wa pikipiki. Tukaendelea polepole mpaka Nyarero.