Saa za ziada: gharama isiyoandikwa kwenye daftari

WIKI chache kabla ya Februari 14, Siku ya Wapendanao, mashamba ya maua mkoani Arusha huwa na pilikapilika. Waridi halingoji. Likichelewa kukatwa na kusafirishwa, bei yake imekwisha. Ndipo kibarua anapoombwa kuongeza saa, naye hukubali kwa sababu anahitaji fedha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kila wiki nne, na kila moja hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Tupige hesabu. Saa 50 kwa wiki nne ni saa 12 na nusu kwa wiki. Ukijumlisha na 45 unapata 57 na nusu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki anaongeza hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Kwa hiyo hata mwajiri anayefuata sheria anaweza kumchosha mtu kupita kiasi, iwapo msimu utageuka kuwa mwaka mzima.

Je, mwajiri anapata faida? Mwaka 1900 kiwanda cha Zeiss mjini Jena, Ujerumani, kilipunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8. Uzalishaji haukushuka, bali uliongezeka kidogo. Mtu aliyechoka hukosea, na waridi lililovunjika shina haliuziki.

Kwa kibarua kuna hasara nyingine. Februari ndio wakati wa kutayarisha shamba lake la mahindi kabla ya masika. Akiuza jioni na Jumapili zake zote, atanunua unga Agosti kwa fedha hiyo hiyo ya saa za ziada.

Ushauri wangu ni huu: mwajiri aajiri vibarua wa zamu ya pili msimu unapopamba moto, na mfanyakazi aandike saa zake kila siku. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Afya nayo ni mali.