Begi la Kamera Hukatikia Mshononi

Begi la kamera likikatika, kitambaa huwa bado kizima. Kinachoachia ni pale mkanda unaposhikana na mfuko: uzi umelika, au pete ya waya imefunguka mdomo. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu anayepekua mikoba ya mitumba Toi Market, ukingoni mwa Kibera jijini Nairobi, haanzi kwa kupapasa kanvasi ya nje. Hulipindua begi, bitana ikawa juu, akalisogeza kwenye mwanga na kufuata mishono mmoja baada ya mwingine.

Chanzo cha yote ni uzito. Chukua vifaa vya kawaida vya mpigapicha wa harusi: kamera ya Canon 5D Mark IV ikiwa na betri ina gramu 890, lenzi ya 24-70 f/2.8 ya toleo la pili ina gramu 805, na ile ndefu ya 70-200 f/2.8 inakaribia kilo moja na nusu. Hizo ni kama kilo 3.2, na flashi, betri za akiba na chaja bado hazijaingia. Kutoka steji ya Kawangware 46 hadi kanisani, au kuteremka kwa miguu kutoka Olympic kuelekea Gatwekera, mzigo huo hautulii. Kila hatua unarushwa na kushuka, na nguvu yote inaishia kwenye vipande viwili vya mshono vilivyo nchani mwa mkanda.

Jim Domke, aliyekuwa mpigapicha wa gazeti la Philadelphia Inquirer nchini Marekani, alilielewa jambo hili vizuri. Begi lake la F-2 la miaka ya 1970, la kanvasi ya pamba, lilipendwa na wanahabari wa nchi nyingi, na siri yake kubwa haionekani dukani. Utepe wa mkanda haukushonewa ubavuni tu. Unateremka pande zote mbili na kupita chini ya kitako cha begi. Mzigo unakaa juu ya utepe, haununginii kwenye uzi. Fundi yeyote wa mikoba mwenye cherehani nzito, awe Kawangware au Kibera, anaweza kushona hivyo akiagizwa, na gharama inayoongezeka ni ya mita moja hivi ya utepe. Kwa begi la kazi, hakuna nyongeza yenye faida kuliko hiyo.

Kama begi limekwisha kushonwa na utepe haupiti chini, basi tazama mkanda ulivyofungwa. Mshono mmoja wa kukatiza hautoshi. Unaotakiwa ni mraba wenye msalaba ndani yake, umepigwa kwenye kanvasi iliyokunjwa mara mbili, na ndani pawe na kipande cha kuongezea nguvu. Pete ya chuma nayo ikaguliwe: iliyopindwa kutoka kwenye waya huwa na mwanya pale ncha zinapokutana, na mwanya huo hupanuka siku hadi siku bila mwenyewe kujua. Iliyochomelewa au kumiminwa haina mwanya.

Uzi unapimwa kwa kiberiti. Omba ruhusa, chomoa ncha inayoning'inia ndani ya begi, uiwashe. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu. Wa poliesta huyeyuka na kuganda kama kishanga kidogo kigumu. Wa poliesta ndio unaofaa, kwa sababu uzi wa pamba ukilowa mara kwa mara huoza kabla ya kanvasi yenyewe. Kisha hesabu mishono: sita hadi minane kwa inchi inatosha kwa kitambaa kizito. Mishono iliyobanana sana hukitoboa kitambaa hadi kikachanika kwenye mstari, hivyo wingi wa mishono si ushahidi wa ufundi.

Kanvasi hupimwa kwa uzito wake. Watengenezaji wa Marekani huandika wakia kwa yadi mraba. Wakia 12 ni karibu gramu 400 kwa mita mraba, na wakia 18 ni karibu gramu 610. Chini ya gramu 400 begi hulegea na kona zake hutoboka mapema. Likipita 600, cherehani nyingi za mtaani huanza kuruka mishono pale tabaka nne zinapokutana, na begi tupu lenyewe linakuwa mzigo. Mitumba haina lebo ya uzito, lakini jua lipo: inua kitambaa usoni, na ukiona nukta za mwanga zikipenya kila mahali, kirudishe.

Si kila mtu anataka kanvasi. Mwaka 2009 msanii wa Ufaransa anayejiita JR alifunika mapaa ya Kibera, yapata mita mraba 2,000, kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa mtaa huo. Zilichapishwa kwenye nyenzo isiyopitisha maji, kwa hiyo zikawakinga wenye nyumba dhidi ya mvua. Wapo wanaotaka begi la nyenzo ya namna hiyo, na si wazo la kubeza: kampuni ya Freitag ya Zürich imekuwa ikishona mikoba kutokana na maturubai makuukuu ya malori tangu 1993. Maji hayaingii. Ila unyevu uliokwisha ingia nao hautoki, na mpigapicha hurudisha kamera begini ikiwa na jasho la mikono au manyunyu ya mvua. Ukungu huota kwenye lenzi iliyokaa muda mrefu mahali penye unyevu mwingi, na ukishaula utando wa kioo hakuna fundi wa kuurudisha.

Pamba hupumua. Ikilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba matundu ya mfumo, na uzi wa pamba uliolowa huwa na nguvu kuliko mkavu. Kasoro yake ni kuchelewa kukauka. Begi lililonyeshewa Aprili lisilale na kamera ndani. Litolewe kila kitu, liachwe wazi mahali penye hewa, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu viwekwe karibu na lenzi.

Kuhusu mvua yenyewe, mazoea yamelazimika kubadilika. Zamani juala lilikuwa koti la kamera la dharura, lakini tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Kenya, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Kinachobaki ni kuipaka kanvasi nta. Nta ya nyuki huchanganywa na parafini ya mshumaa, kwa kuwa mshumaa peke yake hupasuka kwenye mikunjo; mchanganyiko husuguliwa kwenye kitambaa kikavu na kupitishwa pasi yenye moto mdogo juu ya karatasi. Maji hukusanyika juu kwa matone na kuteleza. Begi litakuwa zito kidogo na vumbi litalishika zaidi, lakini mpigapicha wa msimu wa masika atavumilia.

Ndani kuna mtego mwingine. Sponji laini ya godoro inanyonya maji, inasinyaa, na baada ya muda inageuka unga unaoingia kwenye lenzi. Bora ile inayofanana na soli ya kandambili: ibane kwa kidole, itarudi, ichovye majini, itaelea na kubaki kavu ndani. Mikoba mingi ya mitumba pia ina utando wa plastiki upande wa ndani ulioanza kunata au kubanduka kwa magamba. Huo haurekebishiki, hata bei iwe nzuri namna gani. Njia rahisi ni kununua begi zuri la kawaida, kama yale ya kanvasi nzito na ngozi yanayoshonwa na Sandstorm ya hapa Nairobi, kisha kumwagiza fundi sanduku la sponji lenye vyumba, linaloingia na kutoka.

Velkro ina matumizi yake, lakini si kwenye kifuniko. Ikifunguliwa kanisani wakati maharusi wanaapa, kila kichwa kinageuka. Bizimu au kifungo cha kusokota hakina kelele, na zipu fupi chini ya kifuniko inazuia mkono wa mwizi kwenye matatu iliyojaa. Zipu iwe namba 8 au 10, yaani upana wa meno yaliyofungwa ni kama milimita hizo. Begi livaliwe mshazari, likae mbele ya tumbo kwenye umati, na nembo ya kampuni ya kamera ibanduliwe.

Wanaofanya kazi hii kwa miguu wanajua thamani ya begi lisilovuta macho. Vijana wa Kibera News Network, iliyoanza mwaka 2010, walirekodi habari za mtaa wao kwa kamera ndogo, na mpigapicha Brian Otieno ameonyesha maisha ya Kibera kwa miaka kadhaa kupitia mradi wake wa Kibera Stories. Kazi za namna hiyo hutaka mtu asimame mlangoni mwa jirani akiwa jirani. Begi jeusi lenye maandishi makubwa humtangulia na kumtangaza.

Unapokwenda kwa fundi, nenda na kamera yenyewe, si vipimo vya kukumbuka. Lenzi ya 70-200 ina urefu wa karibu sentimita 20, na ikifungwa kwenye kamera inahitaji nafasi zaidi ya mtu anavyodhani. Taja utepe upite chini, mkanda uwe na upana wa sentimita 5, kitako kiwe na tabaka mbili. Begi likiwa tayari, weka ndani pakiti mbili za unga za kilo mbili na utembee nalo siku nzima, upande na kushuka matatu nalo. Jioni kagua mahali mkanda ulipofungwa: kama uzi umeanza kuonyesha matundu, lirudishe kwa fundi lingali na unga.